Injini Kwenye Sahani za Odile

Komanda wa kambi aliiharibu pikipiki yake kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, nusu ya Kalemie ikiwa imesimama ufukweni inatazama. Hilo lijulikane kwanza. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, yenye mipira minene, na mjini hapakuwa na ya pili. Ilitoka Pepa, kwenye shamba la ng'ombe, ambako mzungu mmoja alikuwa akiitumia kufuata mifugo mlimani, mpaka siku alipofunga sanduku akarudi kwao. Iliteremkaje kutoka Pepa mpaka uani kwa Komanda? Aliyetaka kulala salama hakuuliza. Watoto wa mtaa waliiita Mbuzi, kwa sababu ya miguu minne na zile pembe za kushikia.

Basi Jumapili moja Komanda akaamua kuiogesha. Si kwa ndoo, jamani. Aliipanda akaingia nayo ziwani, taratibu, anatabasamu na kupungia watu mkono, mpaka maji yakafunika bomba la moshi. Mbuzi alikohoa mara mbili akanyamaza. Mwenyewe hakuyamwaga maji wala kufungua kitu. Aliifunika turubai, akaiacha miezi minne, na siku alipoikumbuka pikipiki akamkumbuka na Edmond.

Edmond alikuwa fundi wa treni, miaka kumi na tisa kwenye karakana ya reli. Kwenye makaratasi ya serikali aliitwa Citoyen Mwamba, yaani Mwananchi Mwamba, maana yale majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku, na kazini pia alikuwa Mwamba. Jina la Edmond lilibaki mdomoni mwa mke wake Odile, ndani ya nyumba. Maisha yake yote hakuwahi kufungua injini ndogo kuliko kifua chake, na alimwambia Komanda hivyo hivyo, kofia mkononi.

"Injini njo injini," Komanda akasema. "Ile kubwa unaiweza, hii kitoto itakushinda?"

Akaomba karte yake, ile ya utambulisho yenye picha, eti aitazame kidogo. Akaitazama, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Pikipiki ikitembea, karte inarudi."

Siku ile ile askari wanne wakaisukuma Mbuzi mpaka kwa Edmond, kwenye zile nyumba za reli zilizopangwa mstari mmoja. Wa tano, Kaporali Kizito, mtu mzima mwenye mvi na mguu mmoja mzito, akabaki. Alivuta kiti cha Odile akakaa mlangoni na bunduki yake. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa pia.

Sasa, mtu asiyejua mambo ya wakati ule atasema: karte tu, si kakaratasi? Ndiyo, kakaratasi. Bila hako kakaratasi hupandi boti bandarini, hupiti kizuizi cha askari kwenye njia ya kusini, na ukikutwa sokoni unanunua chumvi unaweza kulala kasho, kile chumba cha mahabusu. Na Edmond alitakiwa kufika Zongwe. Alikuwa na wiki tatu.

Baba yake Odile alikuwa amefariki kule Zongwe, kijijini kwao, kandokando ya ziwa. Siku ya msiba Edmond alikuwa Kabalo, chini ya treni iliyokufa njiani, na mkubwa wake alimkatalia ruhusa. Odile akaenda peke yake. Kwa watu wa ukoo ule, mkwe asipoonekana kwenye matanga ya baba mkwe wake, hilo si jambo la kuomba samahani kwa barua. Mkwe anakuja na miguu yake. Anaketi chini kwenye mkeka, wanawake wa ukoo wanamtukana mpaka wachoke wenyewe, na usiku analala palepale, chini. Akiamka asubuhi, ndipo wanahesabu kwamba amezika. Odile alibaki kwao kwa aibu, na mjomba wake, Papa Barthélemy, alimtuma Mama Godelieve muuza samaki alete neno:

"Matanga tunayavunja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Mwamba akuye alale. Asipolala, Odile anabaki kwetu, naye atafute muke kule kwenye reli yake."

Mama Godelieve aliusema ujumbe wote bila kupunguza neno, na mwisho akaongeza la kwake: "Papa, mi nakuambia ukweli, yule mama amekonda. Anatazama boti zote."

Edmond alimshukuru, akaingia ndani, akaketi kitandani. Alimpenda mke wake, na aliogopa. Hayo mawili ndiyo aliyokuwa nayo.

Akaanza kazi. Aliinyanyua injini juu ya meza ya kulia, maana meza nyingine hakuwa nayo, akafungua msumari baada ya msumari, ile ya meno inayozungushwa kwa ufunguo wa fundi. Ili asipoteze utaratibu alishusha sahani za Odile, zile za bati zenye maua mekundu, zisizoguswa ila Krismasi, akazipanga mezani: sahani ya kwanza vitu vya juu, ya pili vali na springi zake, ya tatu misumari ya kulia, ya nne ya kushoto. Alijua kabisa kwamba Odile angeona zile sahani zina oili, angelia. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu, haipandi haishuki. Aliimwagia mazutu, ile dizeli ya treni, akangoja, akagonga kwa kipande cha ubao, akamwagia tena. Siku ya tano ikaachia. Akaitumbukiza kwenye sufuria ya bukari, ile ya kupikia ugali, ilowe.

"Papa," Kizito akauliza mlangoni, "na bukari tutapikia wapi?"

"Kwa Komanda wako."

Kizito akacheka mpaka bunduki ikateleza ukutani. Hakuwa mtu mbaya yule. Lakini Edmond akitoka kwenda chooni, Kizito alisimama. Akienda karakana kazini, Kizito alichechemea nyuma yake. Akirudi, wanarudi wote. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na sebule. Kati ya meza, injini, fremu iliyosimamishwa uani mbele ya dirisha na kaporali mlangoni, Edmond alifika mahali akawa anapumua kwa kipimo. Usiku hakuwa na pa kula ila kitandani, sahani zimejaa vyuma.

Pete za pistoni zilikuwa zimekatika. Kalemie nzima hakuna mtu aliyekuwa na pete za mnyama yule. Rafiki yake wa karakana, Papa Hippolyte, aliyekuwa akichonga vyuma kwenye mashine, alimpatia pete kutoka injini ya kile kitoroli kinachokagua reli. Zilikaribia sana. Edmond akazipunguza ncha kwa tupa, kidogo kidogo, anapima ndani ya silinda, anatoa, anapunguza tena. Karatasi ya kuzibia chini ya silinda aliikata kwenye mfuko wa simenti ya Kabimba, akailowesha oili. Kile cha kuzibia juu alikikata kwenye shaba. Alikuwa mtu wa vitu vikubwa, lakini wiki ile vidole vyake vilijifunza upya, na kuna saa alisahau kabisa Komanda na karte, akafurahi. Ndiyo, alifurahi. Halafu anakohoa Kizito, anakumbuka.

Jumanne ya wiki ya mwisho alifunga kichwa cha injini. Misumari minne. Wa kwanza, wa pili, wa tatu ukakaza vizuri. Na hapa ndipo mkono wa reli ulipomsaliti. Kwenye treni, msumari haukazwi mpaka mwili wote umelala juu ya ufunguo na fundi ametoa ule mguno wa tumboni. Bila mguno, wenzake hawaamini kazi. Miaka kumi na tisa. Alitia ufunguo kwenye msumari wa nne, akalala juu yake, akaguna.

Kikasikika kitu kidogo ndani. Krr. Ufunguo ukazunguka wenyewe, laini, bila kushika chochote.

Chuma cha injini ile kilikuwa aluminiamu, laini, cha kukazwa kwa kifundo cha mkono tu. Meno yote ya shimo la nne yalitoka pamoja na msumari, yamejisokota. Edmond aliyatazama kwenye kiganja. Mama yangu! Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia bila sauti, mtu wa miaka arobaini na sita.

Kizito alimtazama, akageuza kiti chake kikaelekea nje.

"Komanda ataniuliza," akasema bila kugeuka. "Nitamwambia bado unasafisha."

Jumatano Edmond alilipeleka lile tumbo la injini karakana, limefungwa kwenye shuka. Papa Hippolyte aliingiza kidole shimoni, akatikisa kichwa.

"Uliguna?"

"Niliguna."

"Mupumbavu," Hippolyte akasema kwa upole. "Hiki si kichwa cha treni, ni kikombe cha chai."

Lakini alilitengeneza. Alipanua lile shimo, akachonga kifuko cha shaba chenye meno nje na ndani, akakikaza humo ndani kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ili Edmond aone. "Nyingine zote, hivihivi. Ukisikia mguno unakuja, nenda kunywa maji."

Ijumaa saa tisa mchana, injini ikiwa imerudi kwenye fremu uani, Edmond alivuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena. Mara ya kumi na moja ikatoa moshi mweupe, ikapiga chafya, ikaanguruma. Majirani walitoka wote. Kaporali Kizito alipiga makofi na kilemba cha moshi kichwani. Edmond alisimama, mkono kwenye tangi, anaisikia ikitetemeka, na machozi yakamtoka tena, safari hii ya kitu kingine. Alikuwa ameifufua, nyumbani, kwenye sahani za mkewe, na hakuna mtu aliyemfundisha.

Komanda alikuja mbio. Aliizunguka, akaipanda, akaipandisha moto na kuishusha, akacheka kama mtoto. Edmond akangoja amalize.

"Komanda, karte yangu."

"Karte?" Komanda akapapasa mfuko wa shati, akaacha mkono palepale. "Na hii ikikufa tena, nani ataiponya? Weye njo fundi yake sasa. Hakuna mwingine Kalemie yote. Acha karte ikae kwangu, inakaa vizuri."

Hapo Edmond aliona kitu ambacho, kwa wiki tatu, hakukiona. Angeshindwa, angefungwa. Ameweza, amefungwa. Na alijifunga mwenyewe, kwa mikono yake, kwa ujuzi wake.  Kesho ilikuwa Jumamosi.

 Akasema jambo la kwanza lililokuja, na bahati nzuri lilikuwa kweli.

"Komanda, hii haitembezwi hivi. Pete ni mpya. Inatakiwa rodaji kwanza, kutembezwa polepole, mbali, na mutu anayeisikia sauti. Ukiikimbiza leo, kesho inashikana tena."

"Mbali wapi?"

"Niseme… Zongwe. Kwenda na kurudi."

 Mtu mjinga hafiki kuwa komanda. "Zongwe kwa muke wako," akasema. Kisha akacheka. "Sawa. Kizito anapanda nyuma na bunduki. Kesho saa kumi na mbili jioni, wakati wa kushusha bendera, naitaka kambini, mbele ya bendera. Ikikosa, wewe na yeye mutalala kasho, na mutazeekea mule."

Waliondoka alfajiri. Kwenye kizuizi cha kusini askari waliona sare ya Kizito wakainua gogo. Njia ilikuwa mawe, mchanga, mawe tena. Ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kulia. Edmond aliiendesha taratibu, sikio kwenye injini, na kila ilipopanda mlima alikuwa akiomba. Mara mbili walisimama ipoe. Kizito alishikilia kiuno chake kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine, anaimba nyimbo za kanisa. Wakaiona Zongwe saa sita kasoro.

Edmond alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakujiandaa. Kijiji kiliisikia ile ngurumo kabla ya kuwaona, na walipotokea pembeni ya mihogo, watu wakaona sare na bunduki. Nani alingoja kuuliza? Askari wakija hivyo, wanakuja kuchukua mbuzi, samaki, vijana. Wanawake wa matanga waliinuka kwenye mikeka wakakimbilia nyuma ya nyumba, sufuria zikapinduka, wanaume wakaingia mihogoni. Dakika moja, na matanga ya baba mkwe wake yakawa uwanja mtupu, mikeka na kiatu kimoja cha mtoto.

Alibaki mtu mmoja, ameketi kwenye kiti chake: Papa Barthélemy.

Edmond alizima injini. Akashuka, akapiga magoti mchangani mbali na mzee, kama inavyotakiwa.

"Papa, nimekuja."

"Naona," mzee akasema kwa hasira. "Tulikungoja kwenye msiba, hukuonekana. Leo tunakungoja ulale, unakuya na bunduki. Binti yetu unamuchukua kwa jeshi, Mwamba? Sema tu, tumufunge mizigo."

"Hapana, Papa, huyu…" Akamwonyesha Kizito. Angesema huyu ni nani? Mlinzi wake?

Odile akatoka nyuma ya nyumba. Kichwa amenyoa, amefunga kitenge cheusi, na kweli alikuwa amekonda. Alipita katikati ya mikeka iliyotupwa, akasimama mbele ya mumewe. Alimtazama uso, akaitazama ile pikipiki, akamtazama askari. Mwisho akaitazama mikono ya Edmond, iliyopasuka na kuwa myeusi.

"Edmond," akasema. Wiki ngapi hakuna mtu aliyemwita hivyo. "Umekuja, ao umeletwa?"

Alitaka kusema nimekuja. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini huyu alikuwa Odile, na miaka ishirini hakuwahi kumdanganya akafaulu.

"Nimeletwa," akasema. "Karte yangu iko kwa Komanda. Saa kumi na mbili natakiwa kuwa Kalemie, mbele ya bendera. Hii nimeitengeneza kwa ajili yake, juu ya meza yako. Sahani zako zote zina oili. Niliitengeneza nipate kukufikia, na sasa imenifikisha hivi."

 Kizito nyuma akakohoa.

"Papa Mwamba, saa sita imefika. Tukitoka sasa, labda tutawahi."

Edmond alisimama. Alirudi kwenye pikipiki, na Odile, alipoona mgongo wake unaondoka, akafumba macho. Mzee Barthélemy akatema mate pembeni.

Edmond alifungua kasanduku chini ya kiti, akatoa ufunguo. Akainama kwenye injini, akauchomoa waya wa bujia, ile plagi inayowasha moto ndani, akaingiza ufunguo, akafungua kwa kifundo cha mkono, taratibu, bila mguno. Bujia ikatoka. Ilikuwa ya moto, ikamchoma vidole vitatu, ngozi ikalia. Hakuiachia. Aliibeba hivyo hivyo mpaka kwa mkewe.

"Weka kitenge," akasema.

Odile akakunjua pembe ya kitenge, bujia ikaangukia humo.

"Niliyoletwa nayo haiondoki bila hii. Nimeletwa, sawa. Lakini kubaki, nabaki mwenyewe."

"Papa!" Kizito akapiga kelele, akaruka chini kwa mguu wake mzito. "Unataka kuniua? Nina watoto sita! Ile kasho unaijua weye? Rudisha hiyo kitu!" Akashika bunduki kwa mikono miwili.

Hakuna aliyesogea. Odile alisokota pembe ya kitenge, akapiga fundo, akalikaza kwa meno, akatia kiunoni. Akamtazama Kizito bila kuinua sauti.

"Papa Kaporali, kule kwenu, mukwe anafanya nini kwenye matanga?"

 Kizito akamtazama Edmond, vidole vyake vilivyoanza kuvimba. Akaitazama mikeka, ile sufuria iliyopinduka. Mwisho akaitazama bunduki, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemwekea mikononi.

"Analala," akasema.

"Basi."

"Kule kwetu pia analala." Akatukana kwa Kiluba, tusi refu. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye ukuta wa mzee Barthélemy, akaketi juu ya gurudumu la Mbuzi, akajifuta uso. "Injini imekufa. Nimeona na macho yangu. Imekufa kabisa. Kuna samaki?"

Watu walirudi mmojammoja, kwanza watoto, halafu wanawake. Edmond akaketi chini kwenye mkeka, katikati, miguu amenyoosha, vidole ndani ya kibakuli cha maji. Shangazi mkubwa wa Odile akafunga kitenge vizuri, akakohoa, akaanza: mkwe gani huyu, mkwe wa vyuma, mkwe anayezika kwa moshi, tumbo lake kubwa la kula samaki wetu, msiba wetu haujui. Wa pili akapokea. Wa tatu. Walimtukana mpaka jua likashuka upande wa milima, na Edmond aliinamisha kichwa akapokea kila neno, kifua kinampanuka, anavuta pumzi mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu karte yake ifungiwe kifungo.

Ilipofika saa kumi na mbili alijua bila saa. Kule Kalemie bendera ilikuwa inashushwa, na Komanda amesimama mbele yake, anatazama njia ya kusini. Kasho itakuwepo kesho, na keshokutwa pia. Aliogopa, akaiacha hofu ipite.

Odile alikuja na bukari na samaki, akaketi karibu yake, akamlisha tonge la kwanza kwa sababu vidole vyake havikunjiki. Fundo lilikuwa bado kiunoni.

"Asubuhi nitakurudishia," akamwambia polepole.

"Asubuhi," Edmond akasema.

"Na mimi napanda nyuma. Huyo kaporali atajua mwenyewe atakaa wapi." Akamfuta mdomo. "Kama ni kasho, nataka kuona mulango wake, nijue pa kukuletea chakula. Na zile sahani utaziosha wewe."